Jembe Chini ya Kitanda

Morogoro, 7 Oktoba 1975

Mpenzi wangu Rosa,

Natumaini mvua hazijaanza huko Matombo. Mimi ni mzima. Sukari na sabuni tunapata kwenye duka la kiwanda bila foleni, na chumba changu kina taa ya umeme. Nimekabidhiwa mtambo mpya kutoka ng'ambo, na wenzangu wananiita "mume wa mtambo". Nacheka nao. King'ora kikilia nikatoka, kwanza natazama milima upande wenu.

Nimesoma tena daftari langu. Tarehe 3 Agosti mjomba wako Agustino alinionyesha kipande cha shamba la ukoo wenu akasema, "Anayemtaka mtoto wetu atalima hapa kabla ya mvua. Kwa mkono wake, si kibarua!" Wewe uliinama ukacheka. Tangu siku ile nimeomba likizo mara nne. Mkubwa wangu hujibu, "Petro, ukiondoka wewe, mtambo nitamwachia nani?" Mwanzoni jibu hilo lilinipa kiburi.

Jana Mwinjuma, dereva wa lori la ndizi, aliniambia kuna mtu ameanza kulifyeka shamba lile. Jina hakulitaja, nami niliogopa kuuliza.

Barua hii anakuletea Mwinjuma huyohuyo. Jumamosi nitapanda lori lake, likizo wanipe wasinipe. Jembe nimeshanunua, liko chini ya kitanda. Mpe mjomba shikamoo yangu. Kama yamebaki hata matuta mawili, mwombe aniachie.

Wako,
Petro