Uzi wa Nne wa Papa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Gamu ya do asubuhi yote, kwenye gitaa la Papa. Kupanda, kushuka. Kidole cha shahada kinajitahidi, lakini gumba — jinga kabisa! Kazi yake ni besi tu: do, sol, do, sol, wimbo useme unachotaka huko juu. Wimbo ukipanda, nalo linataka kupanda. Nimelipiga kofi. Kweli, gumba langu mwenyewe.

Papa amelala, ananisikia. Tangu kiharusi kimpate, upande wa kulia umekufa na maneno hayatoki. Wimbo aliomtungia mama kule kwetu Fataki hakuna anayeupiga tena. Mama hayupo. Na Papa, infirmier anayemuuguza anasema tusitegemee atafika Pasaka. Nataka ausikie mara moja. Halafu basi.

Mdogo wangu Clémence akapita na ndoo. "Yaya Godelive, tulikimbia vita, sasa tutakimbia hata gitare yako?" Mjinga huyo. Nilicheka, lakini iliuma.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Abbé wa parokia alikuja kumpaka Papa majivu kitandani. Alipoondoka nikapiga wimbo mzima, gumba lilitii karibu mpaka mwisho. Papa akageuza uso ukutani.

Juzi pia aligeuka. Sina kipaji, na yeye anajua.

Ijumaa, 7 Machi

Muzee Sébastien alikuja kumsalimia Papa. Zamani walipiga pamoja kwenye ndoa. Nikampigia ule wimbo. Akaniangalia, akaangalia gitaa, akauliza nani alitia ule uzi mnene wa nne.

Mimi! Nilisema kwa maringo. Gitaa la Papa lilitoka Fataki na uzi mwembamba mahali pa ré, ule wa nne. Nikadhani ni shida ya ukimbizi, alikosa wa kweli. Nikamhurumia, nikamnunulia ré nzuri sokoni.

Muzee akashika kichwa. "Haikukuwa kukosa, mutoto wangu. Ile ni mi-composé! Siye wote tulikuwa tunafanya vile. Unatoa ré, unatia mi nyembamba, inaimba juu. Wimbo ya papa yako iko mule ndani. Weye uliitupa?"

Niliitupa. Kwenye takataka.

Kwa hiyo wiki nzima nimempigia baba yangu wimbo wa mkewe ulioharibika, na yeye hana hata mdomo wa kuniambia acha. Nimelia jikoni. Clémence hakutania.

Jumapili, 9 Machi

Sébastien ametoa mi nyembamba kwenye gitaa lake mwenyewe, akaituma kabla ya misa. Nimeitia. Clémence yuko kanisani.

Wimbo ulitoka! Gumba do, sol, kidole kinaimba, na ule mwembamba unajibu katikati. Papa akageuka. Alinitazama.

Sehemu ya pili, besi inaenda fa. Nikakosea. Nikarudia, nikakosea tena. Ndipo akanyoosha mkono wa kushoto, akanishika gumba.

Nikamuuliza, "Papa, ni mubaya? Ao ni muzuri?" Pumzi yake inakuja, inakaa, inakuja. Nikamwita Mama Annette wa jirani, amekimbia kumwita infirmier. Bado hajarudi.

Naandika kwa kushoto, wa kulia bado ameushika. Herufi zinaanguka. Sijui kama anasema tosha, au anatafuta hiyo fa.

Nikivuta gumba, anakaza zaidi.