Matete ya Chemchemi

Jumatatu, 3 Machi
Chai, magazeti, kalamu nyekundu. Kabla sijamaliza kuwararua wanasiasa, mwenyekiti wa kijiji akaingia anachekelea. Wamebandika ofisini makala yangu ya zamani: matete ni maficho ya mbu, nyoka na wavivu. Jumamosi kijiji kitashuka chemchemini. Kufyeka, kung'oa mizizi, kupanda magimbi.
Nilikosea. Nimeona kule kijiji cha Shirimatunda: walinisoma, wakang'oa, kijito kimekuwa tope. Matete ndiyo yaliyoshika udongo na kuchuja maji. Nimejua mwaka mzima, nimenyamaza. Woga mtupu.

Jumanne, 4 Machi
Nimemweleza mwenyekiti. Kacheka.
"Mwandishi, acha utani! Si wewe uliyemliza Mama Anjela kwa matete haya haya?"
Kweli. Jirani yangu huyu husuka mikeka ya matete. Aliyatetea, nikamwita gazetini malkia wa vinamasi. Jina likamganda. Lakini akina mama wa hapa humsikiliza yeye. Sina mlango mwingine. Nimenaswa, na mtego nimeutega mwenyewe.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Nimepakwa majivu. Kisha kurasa nne za kujitetea. Uongo wote. Nimezichoma.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekata jani la isale kwenye uzio. Huku kwetu ukimpelekea mtu jani hilo umeomba radhi, naye hawezi kukataa. Nimetukana wengi. Sijawahi kulikata.
Nilimkuta Mama Anjela migombani, akikata majani ya ng'ombe. Alilipokea jani.
"Baba Frida, mimi nimekusamehe, mila inanibana. Maji hayajui mila. Jumamosi useme mbele ya watu. Kwa mdomo, siyo gazetini."
Ningependa kupigwa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimesema. Nilikosea, matete yasing'olewe.
"Malkia kapata mfalme!" mtu akapiga kelele. Wakaangua kicheko, mwenyekiti akiwemo. Nilitamani ardhi inimeze.
Mama Anjela akaweka jembe chini. Mmoja mmoja, akina mama wakamfuata. Wanaume wakafyeka ukingo wa njia tu, wakabeba mabua ya kuezekea mabanda ya mbuzi. Mizizi haikuguswa.

Jumapili, 9 Machi
Manyunyu. Baada ya misa nimeshuka chemchemini. Ndege aina ya kwera wanachana majani ya matete kwa viota vyao. Mama Anjela alikuwa akichagua mabua ya mkeka. Nikamshikia mzigo, akaufunga.