Macho Yasiyofumba

Léopoldville

Mama yangu Maria,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha wote mliokimbilia Bijombo tangu waasi waingie Uvira. Baridi ya huko juu inawatendea nini? Feza wangu anakohoa? Mimi ni mzima, isipokuwa macho. Barua hii inapitia Bujumbura, halafu mkononi mwa mwuza sabuni anayejua njia za milimani. Ikikufikia, mpe hata kikombe cha maziwa.

Mama, nimenenepa. Nakuambia mwenyewe kabla mtu hajakuletea habari hiyo. Vile vidonge vya kortizoni, ambavyo vingenirudishia macho ndani, vimenivimbisha mashavu. Ninyi mnakula majani ya sombe bila chumvi, nami naonekana kama mke wa waziri. Mtu akiniona atasema ni mimi niliyekula uhuru. Juzi mpiga picha alipita wodini, nikajifunika shuka. Naona haya kulala kitandani wakati wewe unakimbia na mtoto wangu.

Na vidonge vyenyewe vimeshindwa. Daktari alinionyesha kitambaa chekundu, mimi nikaona rangi ya kutu. Yakobo, muuguzi aliyezaliwa Sange karibu na kwetu, akanitafsiria: "Dada, dawa iko inashindwa. Nyama ya nyuma ya jicho imevimba, iko inabana mushipa wa kuonea."

Kuna mashine ya miale, lakini kazi yake ni ya polepole. Wanaweza pia kunishona kope pembeni ili zifumbe, jicho lisikauke. Hapo ningerudi upesi, ila mshipa ungebaki umebanwa. Au wanipasue, watoe mfupa kidogo ndani ya tundu la jicho, uvimbe upate nafasi. Nilitaka kushonwa tu nije. Yakobo akaniuliza, "Weye ukifika kipofu, wewe na mutoto, nani ataongoza mwenzake kule kwenye mawe?" Nimekubali wanipasue, kope zishonwe baadaye. Ni miezi mingine mbali nanyi, na nimeichagua mwenyewe. Nisamehe, Mama.

Unakumbuka ugonjwa ulivyoanza? Mke wa mtoto hainui macho mbele ya baba mkwe, nami nikawa siwezi kushusha kope. Mzee akaja kwako kulalamika: "Huyu mwanamuke iko ananitolea macho." Ukapeleka pombe ya ndizi na kuku kuniombea msamaha, wote tukidhani ni kiburi changu. Kinyongo hicho nilikuja nacho mpaka huku. Sasa binamu wa yule muuguzi Yakobo, aliyetoroka Uvira, anasema risasi zilipolia, mzee huyo ndiye aliyembeba Feza mgongoni hadi Bijombo, na miguu yake ile mibovu.

Nisalimie shangazi Veronika aliyenifunda, na kaka yangu Daudi anayewachungia watu ng'ombe huko. Baba Feza akirudi kutoka Kigoma, mwambie mke wake bado anaona. Mpakate Feza kwa niaba yangu.

Na mzee mwambie hivi: wakishanishona, kope zangu zitashuka kama za mkwe yeyote. Ila siku nitakayofika anivumilie kidogo. Kwanza nitamtazama usoni, nimwone mtu aliyembeba mwanangu. Kisha nitainamisha macho.

Binti yako,
Vumilia