Gari Lililokataa Kukosea Mbele ya Fundi

Coonabarabran,
Jumapili, 12 Machi

Dada yangu mpenzi Nerida,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye joto, zikufikie wewe, binti yako Petra na yule paka wenu mwenye jicho moja. Goti linaendeleaje baada ya upasuaji? Umeanza kushuka ngazi kwa miguu, au bado unashuka kwa makalio kama tulipokuwa watoto? Mimi sijambo. Daktari amenipima akanisifu, na kuku wangu tisa wanataga vizuri. Ningekupigia simu, lakini Petra ana tabia ya kuiweka kwenye spika halafu anajibu yeye, na haya ninayotaka kukuambia si ya spika.

Habari kubwa ni gari. Najua ulishasikia nusu yake kwa Gavan, na najua mwanangu alivyokusimulia, kwamba mama amezeeka na anasingizia gari. Basi sikiliza na upande wangu.

Lilianza Agosti. Siku hiyo nilikuwa na vyakula kumi na moja vya wazee kwenye buti, maana bado nawapelekea wazee chakula kila Jumanne na Ijumaa, ingawa watano kati yao ni wadogo kwangu. Nilikuwa napanda kilima cha matangi ya maji. Kwenye kona ya pili injini ikanguruma kama fahali, gari likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma. Nakanyaga mafuta, kelele tu. Gia hakuna. Nikavuta breki ya mkono, nikazima, nikahesabu mpaka ishirini, nikawasha tena. Likapanda kilima kwa adabu kama vile halikufanya lolote. Bwana Alwyn alipata supu yake ya moto, na mimi nikapata kizunguzungu.

Likarudia Septemba, mara mbili. Nikalipeleka Dubbo kwa wale walioniuzia, mwendo wa saa moja na nusu na zaidi, nikiwa nimeshika usukani kwa mikono miwili kiasi kwamba nilishindwa hata kuwainulia kidole cha salamu madereva wenzangu njiani; watadhani nimekuwa na maringo. Pale mapokezi yuko bwana mmoja anaitwa Darrell, ana tabasamu la muuza magodoro. Wakaunganisha kompyuta yao, wakalizungusha gari mjini asubuhi na mapema, tupu, kwenye barabara iliyonyooka. Darrell akarudi akaniambia kompyuta haioni kitu, giaboksi ni nzima kabisa. Nikamwuliza kama kompyuta ilikuwepo kwenye kilima. Akacheka, akaniambia niende salama.

Oktoba nikarudi. Wakakaa nalo siku nne, halikukosea hata mara moja. Dada, lile gari lilikuwa na unafiki wa mtoto anayelia nyumbani na kucheka kwa wageni! Safari hii Darrell aliniuliza kwa upole sana, ule upole unaokutamanisha kumzaba mtu kibao, kama nina hakika sikuwa nimeisukuma gia kwenye "N", yaani gia huru, bila kujua. Akasema huwatokea watu wengi wa rika langu. Nikamjibu kwamba rika langu liliendesha malori ya ngano kwa gia za mkono kabla baba yake hajaota ndevu. Akaandika kitu kwenye karatasi. Nilikisoma juu chini kutoka upande wangu wa meza: hakuna hitilafu, tatizo ni dereva.

Karatasi hiyo ndiyo iliyonichoma, maana Gavan aliiona. Unajua mambo yalivyo. Nina miaka sabini na minane, kila mwaka lazima daktari atie sahihi ndipo nipewe leseni. Gavan akasema huenda huu mwaka nisiombe hiyo sahihi. Akasema bila gari siwezi kukaa peke yangu huku, na hapo alikuwa na haki, kwa sababu duka liko kilomita kumi na nne na basi hakuna. Kumbe alishaliandikisha jina langu kwenye nyumba ya kutunzia wazee karibu naye Newcastle. Akanitumia picha. Kuna chumba, kuna kiti, kuna dirisha linalotazama maegesho ya magari. Nikamwambia huko niende nikatazame magari ya wenzangu? Akasema, "Mama, usifanye hivyo." Nikamwuliza nisifanye nini, nisiwe hai?

Nikalia siku hiyo. Nakwambia wewe tu. Nyumba hii ndiyo niliyozalia, ndiyo aliyofia mume wangu Lindsay, na kila kitu kikawa kinaning'inia kwenye gia moja ambayo hakuna mtu aliyeiona ikikosa isipokuwa mimi.

Mara ya tatu, Januari, ndipo nikamjua Bikash. Ni kijana wa Kinepali, fundi wao, mwembamba, haongei sana. Darrell alipomaliza wimbo wake wa kompyuta, Bikash akanifuata nje huku akifuta mikono, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: siku linapokosa gia, kwenye gari kunakuwa na nini? Nikamwambia vyakula vya wazee. Na mara moja wenzangu Thelma na Wynne na majiko ya gesi ya chama chetu cha akina mama. Akatikisa kichwa, akasema, "Mama, sisi tunalijaribu likiwa jepesi." Akaniambia Jumamosi hafanyi kazi, angekuja tupande nalo kilima likiwa na mzigo, na kwamba gari haliwezi kumshinda yeye.

Jumamosi aliyoichagua ilikuwa siku ya maonyesho ya kilimo, na sisi akina mama wa chama tulikuwa na keki za kupeleka. Sikuahirisha. Nikampakia Thelma mbele, maana nyonga zake hazikai nyuma, nikampakia Wynne nyuma, nikajaza buti mitungi ya jemu, na Bikash nikamweka katikati ya Wynne na masinia, kifaa chake kimeunganishwa chini ya dashibodi kwa waya mrefu, na keki ya sponji ya Thelma mapajani mwake. Thelma akageuka akamwambia, "Kijana, keki hii imeshinda miaka mitatu mfululizo. Ikidondoka, Dubbo utarudi kwa miguu." Kijana wa watu akaishika kama mtoto mchanga.

Tukapanda kilima cha matangi. Kona ya kwanza, kimya. Nikaanza kuomba gari liharibike, dada, hebu fikiria, mtu na akili zake anamwomba Mungu gari liharibike! Kona ya pili, ngurumo. Likasimama, likaanza kurudi. Wynne akapiga ukelele, Thelma akafoka, "Keki! Keki!", na Bikash akawa anapaza sauti juu ya krimu, "Mama usizime! Tafadhali usizime!" Mimi nilikuwa nacheka mpaka machozi. Sijawahi kufurahi hivyo tangu harusi yangu.

Akafungua boneti palepale, akalala juu ya injini na tochi mdomoni. Kisha akauliza kama nyumbani kwangu kuna panya. Tulicheka sote watatu, ni sawa na kumwuliza samaki kama kwao kuna maji. Akaniita nione. Nyaya zinazokwenda kwenye giaboksi zilikuwa zimetafunwa, alama za meno zinaonekana wazi. Gari likiwa jepesi, hazigusi kitu. Likibeba mzigo na kupanda, injini inalala upande mmoja, waya ulio uchi unagusa chuma, na gia zinapotea. Akauliza gari nalilaza wapi. Gereji, nikasema. Na ngano ya kuku? Gereji vilevile, gunia liko pembeni ya gurudumu la mbele, kama kila mtu wa huku. Thelma akajifanya anatazama mawingu, maana na lake liko hapohapo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikikilisha ngano kwa mkono wangu.

Wakabadilisha nyaya zote. Darrell akaniomba radhi kwa maandishi, nami nikaibandika barua yake kwenye friji kwa sumaku. Gavan akapiga simu, akasema alikosea na kwamba amelifuta jina langu kule Newcastle. Sikumwachia hivihivi. Nilimwambia arudie hilo neno "nilikosea" kwa sauti, simu yangu ina mtandao mbaya. Mji mzima ukaijua hadithi, kuanzia kwa muuza nyama mpaka kanisani. Watu walinisimamisha njiani kunipongeza kama mtu aliyeshinda kesi.

Sasa utajiuliza kwa nini gari liko Dubbo tena, wiki ya tatu hii. Gavan atakuwa amekwambia kwamba matengenezo yalikuwa mabovu na hitilafu imerudi. Ndivyo nilivyomwambia. Ndivyo nilivyowaambia wote. Nerida, si kweli.

Ilikuwa Jumanne, tarehe ishirini na moja Februari. Nilikuwa nimemaliza chakula cha mwisho, nikaja kuegesha mbele ya duka la mikate. Gari lilikuwa linakwenda vizuri kuliko siku lilipokuwa jipya. Nikataka kukanyaga breki. Gari likaruka, likapanda ukingo wa barabara, likalivunja lile benchi la mbao vipande vipande mpaka ukutani. Mama mmoja na mtoto wake wa kike walikuwa wamenyanyuka hapo muda mfupi tu kabla, mtoto alikuwa bado na mkate mdomoni. Alinitazama kupitia kioo. Nami nikautazama mguu wangu. Ulikuwa juu ya mafuta, umekanyaga mpaka chini, na mimi, dada, nilikuwa naamini kwa moyo wangu wote kwamba uko kwenye breki.

Sajini wa polisi alipofika, kabla hata hajauliza, Thelma alikuwa ameshatoka dukani anapiga kelele kwamba ni ile giaboksi, kwamba yeye ni shahidi, kwamba wale watu wa Dubbo watatuua. Sajini akanitazama, akaniuliza, "Ni gia tena, bibi?" Nikasema ndiyo. Neno moja tu, na lilitoka kirahisi sana.

Tangu hapo Bikash hana amani. Bosi wake anasema alifanya kazi ya ovyo, karibu aue mtoto. Wamemwondoa kwenye injini, anaosha magari, na jioni baada ya kazi anaruhusiwa kulifungua langu atafute kosa lake. Ameishusha giaboksi mara mbili. Kila jioni ananipigia: "Mama, nieleze tena taratibu, lilinguruma kabla ya kuruka au baada?" Na mimi kila jioni namtungia. Jana aliniambia pengine kazi hii haimfai. Nimewalaani wale watu miezi sita kwa kuniambia hakuna hitilafu, tatizo ni dereva, na sasa ni kweli, na mimi ndiye ninayewazuia wasiione.

Niliweka kalamu chini baada ya kuandika mstari huo, nikampigia. Ni Jumapili, alikuwa nyumbani kwake. Nilimwambia yote, pamoja na mguu. Nilisikia akiipunguza sauti televisheni yake. Kisha akasema ana hasira na mimi, na kwamba atakuwa nayo siku kadhaa, nimwie radhi. Nikamwambia ni haki yake. Halafu akauliza kama mguu uliumia. Nerida, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hilo. Wote waliuliza habari za gari.

Kesho asubuhi nitakwenda kwa sajini, Thelma atanipeleka, na njiani itanibidi nimweleze yeye pia, jambo ninaloliogopa kuliko polisi. Nitamwandikia bosi wa Bikash kwa mkono wangu. Gavan nitampigia jioni. Sijui atasema nini kuhusu nyumba, na safari hii sina nyaya za kumwonyesha. Sitaki kuondoka hapa. Naogopa, basi, nimeshasema.

Nisalimie Petra, mwambie barua hii asiisome kwa sauti. Mkande paka kwa niaba yangu, na hilo goti usilionee huruma, lifanyishe mazoezi. Ndani ya bahasha utakuta ufunguo wa akiba wa gari, nimeubandika kwenye kadi kwa plasta. Wa kwanza uko Dubbo pamoja na gari, kesho nitamwomba sajini auchukue. Huu kaa nao wewe, na nikikuomba usinirudishie. Nitakuomba, unanijua.

Mdogo wako akupendaye,
Rosslyn