Muchi wa Mama Yake

Wamaza, tarehe 7 mwezi wa tatu 1948

Mama mukwe wangu Anastasie,

Jambo sana, Mama. Muguu unaendelea namna gani? Dawa ya masista inakubali? Mujomba Pierre, mudogo wako, hajambo na watu wa nyumba yake? Sisi huku tuko wazima kidogo. Mvua ni mingi, mupunga umesimama vizuri, na mbuzi yako ilizaa mapacha.

Mama, chama chako cha wamama hakijafa. Siku ulipokwenda Kasongo kutibiwa ulituambia, "Nikirudi nikute vinu vimeota uyoga, nitawachapa mumoja mumoja." Hapana uyoga! Mwezi ulipoandama tulikutana kwa jirani yako Safi, wamama wote na michi yetu, tukamutwangia mupunga wake mpaka kinu kimoja kikapasuka. Halafu tukatoka pamoja kwenda kwa Bulaimu.

Unamukumbuka Bulaimu, bwana ya Sidonie. Alimupiga bibi yake, chama kikamuita, tukasema naye vizuri. Akamupiga tena, tukakaa ku kiwanja chake mchana kutwa tukiimba jina lake watu wasikie. Akapiga tena. Ikabaki michi. Na sheria uliiweka wewe mwenyewe: hakuna muchi unainuka juu ya mwanaume kama mama yake hajaupiga wake chini kwanza, mbele ya mulango wa mutoto wake. Pasipo hiyo inakuwa vita ya ukoo na ukoo. Basi mama ya Bulaimu, muzee vile, aligonga chini, puu! Akamuambia, "Kaa." Akakaa. Loo, Mama, tulimutwanga! Mugongo, matako, mapaja. Alilia mpaka kamasi zikamuingia kinywani. Kisha akaenda mutoni kutuchotea maji ya kuoga, anachechemea, na Sidonie anacheka mpaka anashika ukuta. Tangu siku ile hajainua hata kidole.

Mimi nilichelewa kufika kwa Safi, sababu nilianguka njia ya mutoni nikaumia jicho. Si kitu. Mutoto wako Jean-Marie anakusalimu. Hii kazi ya ukapita, kusimamia watu ku mashamba ya pamba, inamuchosha; serikali, hiyo Leta, inataka pamba mingi na Wazungu wanamukalia ku shingo. Na habari ingine naisema kwa haya: nina mimba.

Mukwe wako,
Marguerite


Kasongo, tarehe 28 mwezi wa tatu 1948

Mukwe wangu Marguerite,

Salamu mingi sana, wewe na hilo tumbo! Nilisoma barua nikapiga vigelegele peke yangu, mpaka Pierre akatupa randa yake akakimbia kuangalia kama nyoka imeingia nyumbani. Kidonda cha muguu hakinuki tena, Mungu asifiwe. Natembea na fimbo.

Hata huku wameniingiza ku chama. Chama cha masista! Kila mwezi tunakutana ku baraza ya misioni, na Muzungu mwanamuke anatuonyesha namna ya kupiga pasi leso. Leso, Marguerite! Ya kupangusia pua! Mwezi jana tulifundishwa kuosha mutoto, na mwalimu mwenyewe hajazaa. Nilimuuliza, mwanaume akimupiga bibi yake, chama hiki kinafanya nini? Akasema, tunamuombea. Nikaendelea kupiga pasi, lakini mukono uliwasha.

Sasa jambo moja. Ile njia ya mutoni nimeipita tangu nilipoolewa. Ni mchanga mutupu. Uliangukia jiwe gani lenye kupiga mutu ku jicho? Uniandikie vizuri. Na umuambie mutoto wangu ale. Kofia ya Leta ni nzuri ku kichwa, lakini haishibishi.

Mama mukwe wako,
Anastasie


Wamaza, tarehe 9 mwezi wa tano 1948

Mama mukwe wangu,

Jambo, Mama. Natumaini muguu unakubeba. Nilikawia, nisamehe. Uliniuliza ni jiwe gani, nami nakujibu. Jiwe ni Jean-Marie.

Alianza siku ileile walipomupa kofia ya kapita na fimbo ya ngozi ya kiboko. Nikikawisha bugali, fimbo. Nikinyamaza, fimbo. Nikijibu, ngumi. Juzi alining'oa meno ya mbele kwa mpini wa jembe, juu ya chumvi kuzidi ku mboga. Nilikuficha kwa sababu ni mutoto wako, tena kwa haya, maana ku chama ni mimi nasimama kusema kesi za wengine.

Na si mimi tu, Mama. Siku ya chama alikuja kwa Safi, akapindua vinu, mchele wote chini. Akasema wamama wote shambani, pamba inaoza. Safi alimuambia, "Jean-Marie, mimi nilikupakata." Yeye akamuchapa Safi mbele ya wakwe zake mpaka nguo ikashikamana na ngozi. Tulilowesha maji ya vuguvugu ndiyo tukaweza kuibandua.

Chama kilimuita, akatutemea mate. Tulikaa ku kiwanja chake tukaimba, akatumwagia chungu cha maji ya moto. Mutoto wa Sidonie aliungua mugongo wote. Imebaki michi. Wako uko kwa Safi, umetundikwa juu ya jiko, na hakuna mwenye kuugusa pasipo neno lako. Mama, nakupigia magoti. Sitaki afe. Nataka akae chini tu, kama Bulaimu, asikie maumivu, aache. Utupe neno lako Safi augonge mahali pako. Naogopa juu ya hii mimba.

Mukwe wako,
Marguerite


Kasongo, tarehe 23 mwezi wa tano 1948

Marguerite,

Nimesoma. Leo sina salamu.

Huyo unayemuita jiwe, nilimuzika baba yake yeye akiwa ku mugongo wangu. Siku alipochinja kuku mara ya kwanza alilia, akakataa kuila. Leo unaniletea mate na maji ya moto! Safi ana wivu tangu zamani, watoto wake hawakuvaa kofia. Na wewe mwenyewe ulifanya nini? Mwanaume hapigi hewa. Kapita naye anachapwa na Muzungu kama pamba haifiki, na hakuna mwenye kumulilia.

Vumilia mpaka nirudi. Muchi wangu usiguswe. Ukiguswa, mimi na chama tumemalizana.

Anastasie, mama ya Jean-Marie


Kasongo, tarehe 27 mwezi wa sita 1948

Mwanangu Marguerite,

Jambo. Uko? Naita kama mutu mwenye kubisha ku nyumba isiyo na moshi. Nimekutumia barua, nimekutumia chumvi, jibu hapana.

Leo Kasimu, yule wa samaki kavu, alifika kutoka kwenu. Nilimuuliza habari yako, akaanza kushika-shika mnyororo wa baisikeli yake. Nilimukamata ku kola. "Kasimu, mama yako alikuwa rafiki yangu. Sema!" Akasema. Mukono wako wa kuume umevunjika, ndiyo maana hauandiki. Alikufunga ku muti siku ya soko ya pamba, watu wote wanaangalia, akakuchapa na mimba yako, akatangaza kama ndivyo atamufanyia kila mwanamuke wa chama. Kasimu hakumaliza. Nilikuwa chini, nalia kwa sauti, hata wateja wake walikimbia.

Nilikuambia mwanaume hapigi hewa. Ulimi huu ungekatwa.

Nakuja. Kamyo ya kuchukua pamba inatoka juma hili, dereva amekubali nikae juu ya magunia. Muambie Safi autoe muchi wangu, auoshe. Nitaugonga mimi mwenyewe. Namujua mutoto wangu. Akiona ni mama yake, atakaa.

Mama yako,
Anastasie


Gereza, Kasongo, tarehe 18 mwezi wa saba 1948

Mwanangu Marguerite,

Jambo. Tumbo linasemaje? Yale mateke yalifika wapi? Mutoto anacheza ndani? Mimi nafyeka majani ya barabara na wafungwa wengine, muguu umevimba tena. Pierre ndiye anabeba barua hii, ataificha ndani ya soksi.

Muzungu wa Leta aliniuliza kupitia mukalimani: nani alimupiga kapita? Nikasema mimi. Akasema wamama wote walikuwa na michi. Nikamuambia, iangalieni, ni mumoja tu wenye damu ya kichwa. Akauliza, hukujua kama ni mutu wa Leta? Nikasema, nilimujua kabla Leta haijamujua. Mukalimani alikataa kutafsiri hiyo.

Nikamueleza yote kama ulivyoona. Niligonga chini mbele ya mulango, nikasema, "Kaa." Marguerite, uliangalia magoti yake? Yalianza kukunjika. Alikuwa anakaa! Halafu akageuza kichwa, akaona watu wa soko ya pamba wamejaa, polisi wanacheka, na yeye na kofia yake. Akainua fimbo. Pigo la kwanza alinipasulia kidonda, nikaanguka. Safi na wengine wakamuvamia, mabega, mikono, nikasikia mufupa ukivunjika. Bado akakufikia wewe. Akakushika nywele, akakulaza, akaanza kukukanyaga tumbo. Mujukuu wangu mule ndani! Niliinuka, sijui kwa muguu gani. Muchi ule nimetwanga nao maisha yangu yote, nilijua kupima nguvu yake. Siku ile sikupima.

Sasa uniambie. Walinipakia ku kamyo yeye angali chini. Anasema? Anakula? Umupe uji wa mchele, mwepesi, utie asali. Akiwa mugonjwa hapendi chumvi, tangu utoto. Umuambie mama yake anamuuliza.

Mama yako,
Anastasie


Gereza, Kasongo, tarehe 19 mwezi wa tisa 1948

Marguerite mwanangu,

Jambo. Namuuliza Pierre, anaangalia miguu yake. Namuuliza askari, anasema si kazi yake. Hawajanihukumu, wanasema wangali wanaandika. Anakula? Andika hata neno moja. Ukishindwa, muambie Sidonie akuandikie.

Mama yako


Wamaza, tarehe 24 mwezi wa kumi 1948

Mama yangu Anastasie,

Jambo, Mama. Kama unasoma umesimama, kaa chini kwanza. Nakuomba, kaa.

Jean-Marie alikufa. Hakumaliza juma. Hakusema neno. Nilimupa uji kabla hata hujaniambia, nikimulisha kwa mukono wa kushoto, lakini ulitoka ku upande wa kinywa. Mara moja alishika kidole changu akakikaza. Sijui alifikiri ni nani. Nililia sana, Mama, na usiniulize juu ya nini. Wamama wa chama walitwanga mupunga wa matanga yake, hata Safi, na mugongo wake bado haujapona. Tulimuzika karibu na baba yake.

Sikuandika kwa sababu ya mukono, tena kwa sababu ya woga. Mujomba Pierre alinisihi ninyamaze, alisema utaacha kula ufe mule ndani.

Mutoto amezaliwa. Ni mwanaume. Muguu mumoja umepinda kidogo, Safi anaukanda na mafuta ya mawese kila asubuhi. Lakini analia kwa nguvu, ananyonya, na paji ni la baba yake kabisa. Ukoo unataka aitwe Jean-Marie. Nimewaambia nangoja neno lako.

Chama kinakutana. Leta imekataza michi kutoka nje ya kiwanja, siku ya chama polisi wanazungukazunguka. Tunatwanga tu. Na sasa Ramazani, yule kijana aliyeoa mwaka jana, ameanza kumupiga bibi yake. Mama yake tulimuendea kwa siri. Anasema tungoje, ni utoto, utamutoka.

Mwana wako,
Marguerite


Gereza, Kasongo, tarehe 14 mwezi wa kumi na moja 1948

Mwanangu Marguerite,

Jambo, wewe na mutoto wako. Nilikaa, kama ulivyoniomba. Askari wakaja kunipeleka mbele ya Muzungu, akanisomea miaka yangu ya kifungo, sikusikiliza hata ni mingapi. Muguu huu hautaimaliza. Wamaza sitaiona tena.

Nilimuzaa mimi, nikamuua mimi, na hakuna mutu wa kunisaidia kubeba.

Bulaimu yuko analima, sivyo? Yuko anabeba watoto wake ku mabega. Mama yake alikwenda mapema, wakati mwanaume angali anajua kukaa. Mwezi wa tano uliniomba muchi kwa magoti. Siku zile Jean-Marie angekaa, angelia, angewachotea maji. Mimi nikakuuliza ulifanya nini. Mutoto wangu aliuawa na ile barua yangu kabla muchi haujamufikia.

Nenda kwa mama ya Ramazani na hii ninayokuandikia. Umusomee kwa sauti, usiruke neno.

Mutoto umupe jina la baba yake. Umupakate, umubusu hicho kimuguu, umutilie asali ku uji. Muchi wangu ulibaki kwa Leta, lakini Pierre amekuchongea mwingine, Kasimu atakuletea. Huo ni wako. Na siku wamama watakapokuja mulangoni kwako juu ya huyu Jean-Marie mudogo, usiulize bibi yake alifanya nini. Uchukue muchi, uende.

Mama yako,
Anastasie