Taa za Krismasi na Barua Mbili Zilizofichwa

Uingereza,
siku mbili baada ya Krismasi.

Mpendwa Baba Akinyi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wanaolala chini ya paa lako. Akinyi yuko salama? Mama mkwe, kifua chake kimetulia? Mvua imeshuka hapo Rodi Kopany, au wateja wako bado wanakaa kwenye vumbi wakingoja nguo zao? Mimi mwili ni mzima. Moyo siwezi kuusemea kwa mstari mmoja, ndiyo maana nimechukua karatasi nyingi. Nakuomba usiichane barua hii kwa hasira. Isome mpaka mwisho, ndipo uamue.

Barua zako mbili, ya Septemba na ya Oktoba, nimezisoma kwa siku moja, na siku hiyo ni mkesha wa Krismasi, siku tatu tu zilizopita. Kabla ya hapo sikuwa na habari hata kidogo kwamba mama yangu aliugua. Hiyo ndiyo sababu ya kimya changu, hakuna nyingine. Sasa nikueleze nilivyozipata.

Unakumbuka tulivyoachana. Bwana alipomaliza kazi yake ya pamba hapo Homa Bay, Memsahibu alikuja mwenyewe mpaka kwenye cherehani yako akakuomba: "Robi kuja na sisi miezi sita tu, mpaka Jeni zoea." Tukakubali, wewe na mimi, hakuna aliyetusukuma. Miezi sita ikawa mwaka, mwaka ukapita. Kila nikiuliza, naambiwa ngoja baridi iishe, ngoja Pasaka ipite, ngoja binti yao Jeni aanze shule. Mwisho nikaambiwa ningoje Krismasi.

Basi wiki iliyopita Bwana akaleta mti. Si tawi kama lile tunalofunga kwenye nguzo ya kanisa. Ni mti mzima uliokatwa shinani, akausimamisha sebuleni kwenye ndoo ya mawe, ncha ikagusa dari. Wanaupamba kwa taa za umeme, vitaa vidogo kama kidole gumba, vyekundu, vya kijani na vya manjano, vyote vimeshikana kwenye waya mmoja mrefu. Ubaya wake, kimoja kikiungua vyote vinazimika, na kwa macho huwezi kujua ni kipi.

Siku ya mkesha wageni walikuwa wafike saa kumi na mbili jioni. Memsahibu alikwenda dukani. Saa nane Bwana akachomeka waya ukutani, hakuna kilichowaka. Akautikisa, akatukana, akaniachia. "Robi, wewe una subira. Tafuta iliyoungua." Kazi hiyo inataka uwe na kitaa kizima mkononi, utoe kimoja, uweke kile kizima mahali pake, utazame, urudishe, uende kwa kinachofuata. Nikatafuta cha akiba ndani ya boksi, hakuna. Jeni akaniambia, "Yaya, mama huweka vitu vidogo kwenye droo ya meza yake ya kuandikia."

Nikafungua droo. Pakiti ya vitaa ilikuwa pale pale mbele. Chini yake nikaona stempu za Kenya, halafu nikaona mwandiko wako, ile herufi R unayoiandika kama mtu aliyekunja goti. Bahasha mbili, zote zimekatwa juu kwa kisu.

Nilikaa sakafuni nikasoma. Wewe unajua ulichoandika, lakini acha nikikariri ili ujue kilivyoniingia. Ya kwanza: "Mama yako amelala wiki ya tatu. Kila siku anauliza kama umefika Homa Bay. Andika hata neno moja nikamsomee." Ya pili: "Tumemzika Alhamisi. Mwita amesimama mbele ya watu akasema jina la dada yake lisitajwe tena kwenye boma lile. Nami nakuuliza, Robi, umegeuka Mzungu? Sijui kama nyumba hii bado unaiita yako."

Neno moja, Baba Akinyi. Mama alikuwa akingoja neno moja, na mimi wakati huo nilikuwa hapa nikipiga pasi soksi.

Jeni alisimama akinitazama. "Yaya, unalia kwa nini?" Nikamwambia mama yangu amekufa. Akasema, "Leo?"

Memsahibu aliporudi na vifurushi vyake alinikuta bado nipo chini, barua mapajani. Aliziona. Uso ulimbadilika, lakini hakuuliza ni za nini.

"Robi, mimi nataka ngoja Krismasi kwisha, halafu mimi takuambia pole pole."

"Memsahibu, barua ya kwanza ilifika lini?"

"Mimi hapana kumbuka."

"Muhuri wa posta unasema Septemba. Septemba kulikuwa na Krismasi gani?"

Akaketi bila kuvua koti. Akasema alifungua akidhani ni bili. Akasema kama angenipa ningetaka kurudi siku ile ile, na Jeni alikuwa ndiyo kwanza anaanza shule, na hapa yaya hapatikani. Akaanza kulia. "Sisi napenda wewe, Robi. Wewe ni kama dada yangu."

Nikamjibu, "Kwetu dada ndiye anayekuja kukuamsha akuambie msiba."

Bwana akaingia. Yeye Kiswahili chake ni kizuri, unakijua, alikaa na wakulima miaka mingi. Alisikiliza, akaziangalia zile bahasha, akatazama saa yake. Akasema, "Memsahibu amekosa sana. Nakupa pole. Lakini wageni wako njiani. Kesho tutaongea vizuri. Sasa tafadhali malizia zile taa."

Nitakueleza kilichofuata hata kama kitanishushia heshima machoni pako, maana sitaki uwongo mwingine kati yetu. Nilimaliza zile taa. Nilipanda kiti nikaanza kitaa cha kwanza, nikaenda cha pili, cha tatu, machozi yakinidondoka kwenye waya, na mikono ikifanya kazi yenyewe kama punda anayejua njia ya kisimani. Wageni walianza kuingia nikiwa bado juu ya kiti. Walinipita wakivua kofia. Nilipofika karibu na ncha mti wote ukawaka ghafla, na watu sebuleni wakapiga makofi. Mgeni mmoja mzee akamwambia Memsahibu jambo wakacheka. Mimi nilishuka nikaenda jikoni kupakua chakula. Katika yote yaliyonipata, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Si wao walioniumiza hapo. Ni mikono yangu mwenyewe.

Asubuhi ya Krismasi sikuvaa aproni. Nilivaa koti, nikafunga sanduku, nikakaa kitandani mlango ukiwa wazi. Memsahibu alikuja mara mbili. Mara ya kwanza aliniletea zawadi, kitambaa cha kichwa. Mara ya pili aliniuliza bata wa sikukuu ataokwa saa ngapi. Nilimwambia nataka pasipoti yangu na tiketi yangu ya kurudi kama tulivyoandikiana, na mpaka vifike mikononi mwangu sitagusa sufuria. Bwana alipiga kelele kidogo, kisha akatoka nje. Nadhani aliona aibu. Jana alinipa pasipoti, na leo tumekwenda naye kwa wakala wa meli. Naondoka mwisho wa Januari mpaka Mombasa, halafu treni ya Kisumu, halafu stima ya Homa Bay.

Ndani ya barua hii nimetia zile bahasha zako mbili. Tazama zilivyokatwa. Nakuomba uende ng'ambo ya mto Migori, kwetu, umwite Mwita na wazee, uwaonyeshe bahasha na uwasomee maneno haya yote, hata yale ya taa. Kaka yangu alinifukuza bila kuniuliza. Sasa nataka aniambie mbele ya watu wale wale kama bado jina langu halitajwi.

Na wewe, Baba Akinyi, nina neno nawe. Miaka minane umekaa nami. Siku mama yako alipolazwa, ni nani aliyelala chini ya kitanda chake? Ulijua mama yangu kwangu ni nani. Uliponiona nimenyamaza hukujiuliza kama barua zimepotea? Uliona ni rahisi zaidi kuamini kwamba nimegeuka Mzungu. Sikutukani. Nakwambia tu kwamba hilo nalo nalibeba nikija, na siwezi kuliacha mlangoni. Nikishuka stimani nitapitia Migori kwanza, nikae kaburini kwa mama, ndipo nije kwako kama bado kuna kwako. Usije na watu kunipokea, na mtu asiniimbie.

Nisalimie mama mkwe. Mwambie Nyar Kuria wake, binti wa Wakuria kama anavyoniita, anamshukuru kwa kumlea mtoto, na Sabato akiomba amtaje mama yangu. Msalimie jirani yetu mfinyanzi anayemsuka Akinyi nywele, na mwalimu wa kanisa uliyeandika kwamba alikusindikiza mazishini. Mwita msalimie pia, apokee au akatae.

Jeni na Akinyi wamezidiana miezi miwili tu. Jeni ameng'oka meno manne tangu tufike huku, yote nayajua, moja nililitoa mimi kwa uzi. Kabla meli haijaondoka niandikie jambo moja tu: Akinyi ameng'oka mangapi? Andika hilo na uposti haraka. Safari hii tarishi nitamngoja mwenyewe barabarani.

Ni mimi mkeo,
Robi, mama Akinyi.