Rangi Nyekundu kwa Tangi ya Kondoo

Kitengela
Jumapili, 7 Machi 1999

Kwa Kiama,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi tuko wazima, mama ni magoti tu yanamsumbua, na kondoo wake kumi na moja wameshiba. Wewe siulizi. Mtu anakula samaki kila siku hawezi kuwa mgonjwa.

Picha yako imefika. Mama ameitembeza mtaa mzima. Jana alimwonyesha Nalotuesha, jirani wetu wa hapa chini, mara ya tatu. "Mtoto wangu anapaka maboti ya wazungu." Nalotuesha akasifu kwa Kimaasai chake, sidai, sidai oleng, nzuri sana. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na ngazi begani, nimetoka kupaka paa la kanisa wiki mbili juani, na hakuna mtu amenipiga picha. Tangu uende pwani mwaka juzi ni Kiama, Kiama. Kila nikimsomea barua ananiuliza kama umemtaja.

Nani alikufunza kushika brashi? Nani alikupiga mkono ukiacha matone ukutani? Sasa wewe ndiye fundi. Nitasema ukweli, inaniuma. Halafu hiyo rangi yenyewe mnapaka chini ya boti, mahali hakuna mtu anaona! Kama ni rangi ya maana, tuma kidogo tuione.

Kaka yako mkubwa,
Ndung'u


Kilifi
21 Machi 1999

Kwa kaka Ndung'u,

Habari za huko? Mimi sijambo, ila mgongo, kwa sababu kazi yangu yote nafanya nikiwa nimelala chini ya boti. Magoti ya mama yanaendeleaje? Tafadhali msomee hii yote, najua macho yake hayasomi tena.

Kaka, cheka tu, lakini huko chini ndiko kuna vita. Boti likikaa majini, majani na vikonokono vigumu vinashika tumbo lake mpaka linakuwa zito, haliendi. Ndiyo kuna hii rangi. Ikichakaa tunalivuta boti nchi kavu, tunakwangua ile imebanduka, tunapiga msasa na maji, tunaweka praima, rangi ya kwanza, pale pamebaki wazi. Kisha rangi, koti mbili. Mbele na kwa usukani koti tatu, huko ndiko inaisha haraka. Ikishapakwa vizuri, hakuna kitu cha kijani kinaota hapo mwaka mzima.

Mwambie mama ile sweta alinifumia ndiyo mto wangu. Joto la huku haliruhusu kuivaa, lakini bila hiyo usingizi haukuji.

Mdogo wako,
Kiama


Kilifi
18 Aprili 1999

Kwa kaka Ndung'u,

Mko aje nyumbani? Mimi niko salama. Barua hii inakuja na Barre, yule wa kuleta mbuzi Mombasa na lori. Na mkebe pia. Ulisema nitume rangi, ndiyo hiyo, masalio ya boti la juzi.

Kopo lake lilikuwa limetoboka, nikaimimina kwa mkebe wa maziwa ya unga. Kwa hivyo nje hakuna onyo, onyo ni hili: ni sumu. Imejaa shaba, na hiyo ndiyo inaua vikonokono. Paka kibao kimoja uone vile inakaa, basi. Usipake kitu cha kulia wala cha kunywea, hata cha mnyama.

Bosi aliniuliza nani alinifunza kukata mstari wa rangi ulionyooka bila tepu. Nikamwambia ni kaka yangu, Ndung'u wa Kitengela. Akataka nirudie hilo jina alishike.

Mwambie mama nitakuja Agosti. Asinichinjie kondoo. Mimi nataka githeri yake tu, mahindi na maharagwe.

Mdogo wako,
Kiama


Kitengela
9 Mei 1999

Kwa Kiama,

Salamu. Huku tuko wazima, na leo mimi niko mzima kuliko wote. Barre alileta mkebe. Barua sikufungua, nilijua ni sifa na maboti, nikaitupa kwa droo. Lakini rangi, kijana, hiyo nimekubali. Nzito!

Unakumbuka ile tangi fupi ya simiti kondoo wa mama wanakunywa, vile inakuwa kijani na mama anaisugua na jivu kila Jumamosi na hayo magoti yake? Niliimwaga maji, nikakwangua, nikapiga msasa, nikaipaka ndani koti tatu. Nyekundu tupu. Hizi sasa ni wiki mbili, hakuna hata uzi wa kijani. Mama akamwita Nalotuesha mbio: "Kuja uone kazi ya Ndung'u!"

Ya Ndung'u, umesikia? Wewe unawapakia wazungu. Mimi nimempakia mama.

Kaka yako mkubwa,
Ndung'u


Kilifi
16 Mei 1999

Kaka,

Salamu utanisamehe, sina nafasi. Mwaga hayo maji leo. Kondoo wasiguse hiyo tangi tena, hata kulamba. Ile rangi ni sumu, niliandika kwa hiyo barua iko kwa droo. Nimepiga simu mara mbili kwa duka la pale steji, wakasema wamekutumia mtu, na hukuja.

Fungua barua, kaka. Nakuomba.

Kiama


Kitengela
23 Mei 1999

Kiama,

Salamu. Sisi wazima, kondoo wazima, tena wananona. Kumbe hata wewe unajua wivu! Mama amenisifu mara moja, mara moja tu, na tayari imekuwa sumu. Kwa simu niliitwa, nikakataa kwenda. Mama sijamsomea huo upuzi wako. Tangi inabaki vile iko.

Kaka yako mkubwa,
Ndung'u


Kilifi
11 Julai 1999

Kwa kaka Ndung'u,

Salamu kwako na kwa mama. Nimengoja wiki saba.

Juzi nilikutana na Barre Mombasa. Hakutaka kuongea, nikamlazimisha. Ameniambia kondoo saba wamekufa, macho ya manjano, mkojo mweusi, na Nalotuesha ndiye alitambua shida ni maji. Ameniambia mama anasema mimi ndiye nilituma sumu nyumbani. Ati picha yangu ameitoa ukutani, na nisikanyage huko tena.

Sikuulizi mambo ya kondoo. Nauliza kitu kimoja tu. Mama anajua kwamba niliandika?

Siwezi kuja nyumbani nikiitwa mtu wa sumu. Usiponijibu, hilo ni jibu pia.

Mdogo wako,
Kiama


Kitengela
Jumapili, 25 Julai 1999

Kwa ndugu yangu Kiama,

Salamu nyingi. Uko mzima? Leo nauliza nikitaka kujua.

Kondoo wamebaki watatu. Wa nane alikufa Jumanne. Tangi nimeivunja na nyundo nikazika vipande. Mama alipouliza rangi ilitoka wapi, nilimwambia, "Kiama alituma." Nikaishia hapo. Nilijua vizuri ninachofanya. Nilimwona akitoa picha yako ukutani na, Mungu anisamehe, kuna mahali ndani yangu palifurahi.

Barua yako nimekaa nayo siku nne. Leo baada ya kanisa nikafungua droo. Ile ya Aprili ilikuwa bado imefungwa. Hata baada ya kondoo kuanza kufa sikuifungua, niliogopa nitakuta nini ndani. Nimemsomea mama yote, Nalotuesha akisikia. Nilipofika mahali ulimtajia bosi jina langu, niliweka barua chini, Nalotuesha akaniletea maji.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na hizo zingine, ulikuwa unanisomea yote?"

Sikuwa nasoma yote, Kiama. Kila mahali umeandika "mwambie mama" nilikuwa naruka. Ile sweta niliiruka. Miaka miwili akiniuliza kama umemtaja, namjibu leo hapana, pengine amesahau, unajua watu wakienda pwani.

Nimemwambia hivyo hivyo. Akavuta kiti karibu na dirisha. "Lete zote," akasema. "Anza na ya kwanza."

Ziko kumi na tisa. Tumefika ya sita, na ya nne amenifanya nirudie mara mbili. Picha ameirudisha ukutani mwenyewe. Amesema nikuandikie uje Agosti, githeri iko. Mimi bado hajaniangalia usoni.

Ananiita. Naenda kusoma ya saba.

Ndugu yako,
Ndung'u